Kahindo Ameuza Nyumba Yake Mwezi wa Novemba

Baada ya miaka ishirini na mitano ya utumishi, Ijumaa ya tarehe 30 Januari 2026, Mama Kahindo Kasereka anakabidhi ufunguo wa ofisi yetu ya udalali wa nyumba hapa Jakobsberg, nje kidogo ya Stockholm, na kuanza kula pensheni yake. Mkuu wetu, Rebecka, amemwandikia wasifu kwa Kiswidi, kurasa mbili safi zenye tarehe zote na vyeti vyote, na mtausoma upande wa kwanza wa jarida hili. Upande huu wa pili nimepewa mimi, Gervas, kwa sababu nimekaa naye meza zinazogusana kwa miaka kumi na minne, na kwa sababu mwenyewe amesema hataki kuagwa kwa Kiswidi peke yake kana kwamba anafunga akaunti ya benki.

Nianze na lile mnalonisimamisha njiani kuniuliza, kanisani, kwenye treni ya kwenda mjini, mpaka kwenye foleni ya dukani. Ndiyo, nyumba yake imeuzwa. Na ndiyo, imeuzwa mwezi wa Novemba. Mwanamke aliyewafundisha Waswahili wa Stockholm wauze lini na wanunue lini, ya kwake ameiuza mwezi ambao sisi madalali huutumia kusafisha makabati. Nimeyasikia yanayosemwa. Eti mama amechoka akili, eti Gervas alisinzia kazini, eti kulikuwa na haraka ya kuficha jambo. Jamani, tulieni. Nitaeleza yote, na yeye mwenyewe ameniruhusu, ingawa kwa shingo upande.

Mama Kahindo anatoka Butembo, Kivu ya Kaskazini, na huko alikuwa mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari. Anapenda kusimulia jinsi alivyowafundisha watoto majira manne ya Ulaya kwa picha iliyobandikwa ukutani: mwezi wa tatu maua, mwezi wa sita jua, mwezi wa tisa majani yanaanguka, mwezi wa kumi na mbili theluji. Alipofika Stockholm mwaka 1994 pamoja na mumewe Édouard, mwezi wa tatu ulimkuta na koti la kuazima, theluji ikiwa magotini, akasema wanafunzi wake wote aliowapa alama kwa kujibu maua inabidi awaombe radhi. Akatunza wazee, akajifunza lugha, akamzaa binti yake Josefin, akarudi darasani na watu wenye umri wa wadogo zake, akatoka na leseni ya udalali wa nyumba. Vuli ya mwaka 2000 ofisi yetu ikamwajiri.

Wakati ule mtu wetu aliyetaka kununua nyumba Stockholm alikuwa anakwenda kimyakimya kama mtu anayekwenda kwa mganga. Anaogopa benki, anaogopa karatasi, anaogopa kwamba akiuliza swali ataonekana mjinga. Mama Kahindo aliwapokea Wakongo kwa Kifaransa na Kiswahili chao cha Kivu, Watanzania na Warundi kwa Kiswahili cha kukutana katikati, na Wakenya waliong'ang'ania Kiingereza aliwaacha waseme mpaka wachoke, halafu akajibu kwa Kiswahili. Watoto wao walijibu kwa Kiswidi, naye akawaelewa wote. Mpaka leo kuna familia za vitongoji vya Tumba na Hjulsta ambazo zikitaja ofisi yetu husema wanakwenda kwa Kahindo, sisi wengine ni fanicha tu.

Swali walilokuja nalo lilikuwa ni lile lile. Mwezi gani mzuri wa kuuza? Mwezi gani mzuri wa kununua? Kila mtu Stockholm ana jibu lake. Waswidi watakuambia uza machipuko, mwezi wa nne au wa tano, wakati mwanga umerudi, madirisha yameoshwa na watu wametoka kwenye mapango yao ya baridi wakiwa na hamu ya kuanza maisha. Ukikosa hapo, subiri mwisho wa mwezi wa nane, shule zikishafunguliwa. Kiangazi usijaribu, mji mzima uko vijijini umevaa kaptula. Na kuanzia Novemba mpaka Januari funga mdomo, giza linaingia saa tisa na nusu alasiri na nyumba nzuri kuliko zote inafanana na ghala.

Mama Kahindo hakubisha hata moja kati ya hayo. Lakini pia hakukujibu. Kwanza alikuja kwako. Alivua viatu, akaomba chai, akakaa, na kabla hajauliza chochote juu ya paa au mabomba, aliuliza habari za watu. Nani anajifungua na lini? Nani anaumwa? Mama mzazi anakuja mwezi gani kutoka nyumbani? Mtoto yuko darasa la ngapi, na akihamishwa katikati ya mwaka atalia kiasi gani? Mimi nilipokuwa mgeni kazini nilikuwa nakaa pembeni nikitikisa mguu kwa hasira, nikiona tunapoteza wakati. Akimaliza chai ndipo alipofungua kalenda, na mara nyingi mwezi aliouchagua haukuwa ule wa Waswidi.

Alikuwa na hesabu yake rahisi. Mtu anayeuza machipuko kwa bei ya juu na anahitaji pa kuhamia, atanunua machipuko hayo hayo, kwa bei hiyo hiyo ya juu, huku akisukumana na wenzake mlangoni. Faida iko wapi? Aliwaambia wanunuzi waende kuangalia nyumba katika majira mabaya, mvua inapopiga kwa upepo, ili waone maji yanasimama wapi. Na wauzaji aliwaambia majira mazuri ni yale ambayo wao wenyewe wako tayari kutoka. Niliyasikia maneno hayo mara nyingi mno, nikayazoea kama mlio wa jokofu.

Msidhani hakuwahi kukosea. Muulizeni Papy wa Tumba. Papy alitoka Goma, mji uliojengwa juu ya mawe ya volkano, na ndoto yake maisha yote ilikuwa kuwa na kipande cha udongo mweusi wa kupanda maharage. Mwezi wa pili, miaka kumi iliyopita, Mama Kahindo alimwonyesha nyumba iliyokuwa na uwanja mpana nyuma, tambarare, mweupe kwa theluji kama shuka jipya. Papy alipiga picha, akawatumia ndugu zake wa Goma, akaanza kugawa matuta hewani: hapa maharage, hapa viazi, pale hema la harusi ya binti. Akanunua. Mwezi wa nne theluji ikayeyuka, na chini yake kukatokea mwamba. Mwamba mmoja, kutoka ukuta hadi uzio, bila kiganja cha udongo.

Wacha wee! Papy aliingia ofisini na buti za matope, akasimama katikati, akapaza sauti mpaka wateja wa benki ya jirani wakatoka kutazama: "Nilikimbia majiwe ya Goma, nikuye kukuta majiwe ya Tumba!" Mama Kahindo alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, nikamwona anang'ata kalamu. Alimwomba radhi mbele yetu sote, maana theluji ile hakuichimba wakati ilikuwa kazi yake kuichimba. Tangu siku hiyo hakuonyesha nyumba majira ya baridi bila fimbo ya kutelezea kwenye theluji mkononi. Anadunga huku, anadunga kule, wanunuzi nyuma yake kama vifaranga, akifika penye mwamba anatangaza. Papy naye yupo pale pale mpaka leo. Amegundua kwamba mwamba ukipigwa na jua hushika joto hadi usiku, na kiangazi watu wote wa Tumba wanaojua kula nyama choma hukaa juu yake. Nimemuuliza mara mbili kama anataka kuuza, akanitukana kwa Kifaransa.

Sasa nije kwenye nyumba ya mwenyewe.

Kahindo na Édouard walinunua nyumba yao mwaka 2004, nyumba ya safu, zile zinazoshikana ubavu kwa ubavu na majirani, dakika chache kwa miguu kutoka kituo cha treni hapa Jakobsberg. Chini jiko na sebule, juu vyumba vya kulala na bafu, katikati ngazi nyembamba yenye kona kali. Nyuma kuna kibustani. Édouard alikuwa dereva wa basi, mtu mkimya, mwenye mikono isiyoweza kutulia. Asipokuwa kwenye usukani alikuwa kwenye kile kibustani. Alifariki Desemba 2018. Wengi wenu mlikuwepo kwenye mazishi, mnajua tulivyomlilia.

Machipuko yaliyofuata Mama Kahindo alitangaza kwamba atauza. Nyumba ilikuwa kubwa kwa mtu mmoja, magoti yalikuwa yameanza kumsumbua, na Josefin, ambaye ni muuguzi na anaishi Hjulsta, alitaka mama yake ahamie karibu naye, kwenye jengo lenye lifti. Tukampeleka mpiga picha mwezi wa tano. Picha zikatoka nzuri ajabu, kibustani kimelipuka rangi. Mama Kahindo akaziangalia kwenye kompyuta yangu, akaziangalia tena, akasema ngoja kwanza, paa linahitaji kukaguliwa. Tukangoja. Mwaka uliofuata mpiga picha akaenda tena mwezi wa tano, picha nzuri tena, na safari hii tatizo lilikuwa corona. Mwaka mwingine ni riba ya benki. Mwingine ni Josefin anajifungua. Kila machipuko mpiga picha anakwenda, kila machipuko nyumba inarudishwa kabatini.

Tulimtania, tena bila huruma. Mfanyakazi mwenzetu Filip, kijana wa Kiswidi aliyejifunza neno shikamoo na kuanza kuwaamkia nalo hadi watoto wachanga, aliifungulia nyumba ile safu yake kwenye ubao wetu wa ofisi na kuiandika Nyumba ya Milele. Rebecka alisema daktari huwa hajitibu. Mimi nilimwambia machoni kwamba visingizio vyake ni vile vile ambavyo mteja akivileta, yeye humrudishia na chai juu yake. Alicheka pamoja nasi. Sasa najua kicheko kile kilimgharimu, na najisikia vibaya.

Mwezi wa tatu mwaka jana alianguka kwenye ngazi. Alikuwa anashuka na kapu la nguo, mguu ukakosa kona, akafika chini kwa mgongo na kuvunja mkono. Simu ilikuwa juu. Alikaa pale chini mpaka jirani alipomsikia akigonga ukuta. Josefin alikuja hospitali akiwa bado na sare ya kazi, na mimi nilikuwepo. Yule binti ni mpole, lakini siku ile alimsema mama yake kwa Kiswidi bila kupumua, machozi yanamtiririka: kwamba anangoja bei gani, kwamba mnunuzi wa machipuko atalipa nini cha kufidia shingo iliyovunjika, kwamba yeye huona wazee wa namna hii wodini kila wiki na baadhi hawarudi nyumbani. Mama Kahindo aliangalia dirishani. Alijibu kwa Kiswahili neno moja tu, kwamba amesikia.

Baada ya hapo hatukutania tena. Kila asubuhi alipochelewa kidogo kuingia, mimi na Filip tulitazamana. Filip alifuta ubao bila kuambiwa. Mwezi wa tano ulifika, mpiga picha akapiga simu mwenyewe kuuliza kama aende, akaenda, na Mama Kahindo akiwa amefungwa mkono akasema ngoja kwanza. Nilikasirika mpaka nikatoka nje kuzunguka uwanja wa kituo. Nilimwona anakwenda kufa kwenye ngazi ile huku akingoja mwezi mzuri, yeye aliyewazuia watu wengi kiasi kile wasifanye ujinga huo huo.

Mwisho wa mwezi wa kumi akapata barua kutoka kwenye foleni ya nyumba za kupanga. Wenyeji wa hapa mnaijua foleni hiyo, mtu anajiandikisha kijana na kuitwa akiwa na mvi. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili Hjulsta, ghorofa ya pili, lifti, jengo linalotazamana na la Josefin. Mara mbili kabla ya hapo alishaitwa akakataa. Safari hii alikubali siku ile ile, akaja mezani kwangu na koti bado mwilini, akasema tuuze. Nikasema vizuri mama, tuandae kila kitu, mwezi wa nne tunaingia sokoni. Akasema hapana. "Tuuzishe mu Novemba." Sheria ya huku haimruhusu dalali kujiuzia nyumba yake mwenyewe, kwa hiyo muuzaji ni mimi, na Novemba ilikuwa inaanza Jumamosi ile.

Nilidhani anatania. Rebecka alitoka ofisini kwake akamshauri kwa upole kwamba anaweza kuhamia Hjulsta sasa hivi na kuiacha nyumba tupu mpaka machipuko, miezi michache tu. Filip alikuwa na wazo lake: kwa kuwa nje ni matope, tutumie picha za mwezi wa tano, kibustani chote kikiwa na maua, madalali wengi wa mji huu hufanya hivyo na si kosa. Mama Kahindo akakataa yote mawili. Picha zipigwe sasa hivi, na za bustani asizione mahali popote. Mimi nikadhani ni uaminifu wake wa kazi, hataki kumuuzia mtu maua wakati kuna matope. Nikamheshimu kwa hilo, na nikaendelea kumuona amekosea.

Jumapili ya katikati ya Novemba ikawa siku ya kuonyesha nyumba, visning kama wanavyoiita. Kwa wasiojua, desturi ya hapa ni kwamba siku hiyo mwenye nyumba hutoweka. Picha za familia zinaondolewa ukutani, jokofu linafutwa, ndimu zinawekwa kwenye bakuli, na dalali peke yake anapokea watu waliovaa vifuniko vya buluu vya plastiki juu ya viatu, wanaopita kimya kama wako kwenye jumba la makumbusho. Mama Kahindo ndiye aliyetufundisha sote kumtoa mwenye nyumba, na wengine aliwatoa karibu kwa kuwasukuma.

Nikafika saa sita mchana na mfuko wangu wa vifuniko, mvua inanyesha, na kabla sijafungua lango nikasikia harufu ya sombe, kisamvu cha kwao. Mlango ulikuwa wazi. Mama Kahindo amevaa kitenge cha sikukuu, picha zote za Édouard ziko ukutani, mezani kuna sombe, samaki mkavu, ndizi na bakuli la bugali limefunikwa kitambaa. Nikamsihi. Nikamwambia mama, jamani, kaa japo kwa Josefin saa moja tu. Akanitazama kama mimi ndiye mgeni. "Mugeni anaingia, mwenye nyumba anakimbia? Njo heshima gani hiyo?" Miaka yote alikuwa amewatoa watu majumbani mwao, na ya kwake ilipofika, hakuweza.

Watu wanne walikuja. Mmoja alichungulia, akaona kuna watu wanakula, akadhani amekosea nyumba, akaondoka. Wa pili alikuwa mzee wa Kiswidi wa mtaa ule ambaye huhudhuria maonyesho yote ya nyumba bila kununua. Alikula sahani mbili na kuomba aelezwe sombe inapikwaje. Na wawili wa mwisho walikuwa Malik na mkewe Isra. Wamezaliwa hapa hapa wote wawili, yeye wazazi wake wa Mombasa, mkewe wa Kigoma. Malik ni fundi umeme, Isra anasomea ualimu, na walikuwa wanaishi chumba kimoja kwa wazazi wa Malik huko Tumba, mtoto akiwa njiani. Walivaa vifuniko vyao vya buluu, wakasimama sebuleni kwa adabu, wakazungumza Kiswidi. Mama Kahindo akavuta viti.

Na hapo, mbele ya samaki, aliwaeleza nyumba yote. Mwezi wa kwanza dirisha la bafu hushikwa na barafu, usilivute, litavunjika. Theluji ya paa la jirani huangukia ngazi za mbele, kwa hiyo mtoto asiachwe pale. Mwezi wa tatu stoo ya chini hunuka unyevu kwa wiki mbili halafu inaacha. Mwezi wa sita jua huingia chumbani saa tisa usiku, wanunue mapazia mazito. Mwezi wa nane nyigu hujenga chini ya paa. Na mwezi wa pili, baada ya giza lote, jua la kwanza hugusa ukuta wa jikoni upande wa jiko, pale pale, akaonyesha kwa mwiko. Halafu, Mungu wangu, akaanza kuwaeleza ngazi, na kona yake, na jinsi alivyoanguka. Nilikuwa namkanyaga mguu chini ya meza. Akanikanyaga na yeye.

Walikaa mpaka giza likaingia. Isra, aliyeanza kwa Kiswidi, kwenye sahani ya pili akawa anajibu kwa Kiswahili, cha kujikwaa lakini cha kwao. Malik alikagua nyaya za umeme, akapanda ngazi na kushuka, akaipima kona kwa mkono na kusema itawekwa kishikio. Kabla ya kuondoka Isra alisimama kwenye dirisha la jikoni akitazama nyuma, kwenye giza na mvua, akauliza kuna nini huko nje. Mwanamke aliyekwisha kutaja hadi nyigu akajibu kwamba ni udongo tu, akaanza kukusanya vyombo.

Hilo nililiona, nikaliweka moyoni. Hawakupata washindani, wakanunua. Bei sitaitaja na wala si ya kuona haya. Siku ya kusaini mkataba nilimpakia Mama Kahindo kumpeleka Hjulsta kupima mapazia, theluji ya kwanza ikaanza kudondoka, na mimi ambaye siwezi kukaa na swali nikamuuliza. Nikamwambia umewaeleza mpaka harufu ya stoo, kwa nini hukuwaeleza bustani?

Alifuta ukungu kwenye kioo cha mlango kwa kiganja. Halafu akaniambia. Mwezi wa kumi mwaka ule wa mwisho, Édouard alikuwa ameshadhoofu, lakini alipiga magoti kwenye kibustani siku nzima akifukia vitunguu vya tulipu, yale maua yanayolala ardhini baridi yote na kuchanua machipuko, mstari baada ya mstari. Desemba akafa. Mwezi wa nne, siku ambayo mama alikuwa ameamua kwa moyo wote kuuza, alifungua mlango wa nyuma na kukuta vimetoka vyote, vyekundu, kama vile mtu amevituma. Na kila mwaka hutoka tena. Kila mara tulipompelekea mpiga picha, tulikuwa tunampelekea mpiga picha wa maua ya mumewe, halafu tunamketisha mbele ya kompyuta na kumwomba atie sahihi. Machipuko hakuweza. Kiangazi kulikuwa na stroberi zake. Vuli alikuwa anamwona amepiga magoti. "Mu Novemba hapana kitu inaota," aliniambia. "Inabakia nyumba tu. Nyumba mi naweza kuuzisha."

Nilisimamisha gari kwenye kituo cha basi, mahali pasiporuhusiwa, na nikalia. Yeye akanipa kitambaa na kunikumbusha kwamba basi linakuja. Miaka kumi na minne nilimsikia akiwaambia wateja majira mazuri ni yale ambayo mtu yuko tayari kutoka, nikadhani ni maneno ya kumtuliza mteja.

Nilimuuliza pia kama haoni vyema kuwaambia Malik na Isra, maana wanaweza kulima pale bila kujua wakavichimbua. Akawaza, akasema hapana. Akiwaambia, watamhurumia, watamwita kila mwaka aje kutazama, na nyumba haitakuwa yao. "Batajionea benyewe." Kwa hiyo tafadhali, mnaosoma jarida hili na mnaowajua vijana hao, fungeni midomo yenu mpaka mwezi wa nne. Mtoto wao atakuwa ameshazaliwa.

Kwa niaba ya Rebecka, Filip na wote waliopata pa kulala Stockholm kwa mkono wako, Mama Kahindo, tunasema aksanti, kama mnavyosema kwenu Butembo. Umetulea kazini na umetuvumilia na utani wetu wa kijinga. Lifti ya Hjulsta ikupandishe na kukushusha salama, mjukuu akuchoshe kwa furaha tu, na maisha unayoyaanza yawe mema kwako. Na mimi nina neno langu moja. Mwezi wa nne ukifika, na siku fulani ukajikuta unataka kupita polepole mbele ya ule uzio bila kushuka, nipigie simu, nitakuja na gari na sitauliza kitu. Na usipotaka, nitakuja hivyo hivyo, tunywe chai.